Vijana Wetu Dodoma Wajifunza Kuchambua Takwimu

Wanachama wetu si wachache wenye mtoto, au mpwa, au mtoto wa jirani aliyevuka bahari kwenda kusoma Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007, na kabla yake kilikuwapo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kijana akirudi likizo akiulizwa anasoma nini, hujibu: "Sosholojia," au "Maendeleo ya jamii," au "Mipango." Mzee huitikia kwa kichwa, akasema alhamdulillahi, hali moyoni anajiuliza kazi hiyo ni kazi gani. Daktari tunamjua, mwalimu tunamjua, fundi tunamjua. Huyu je?

Tunataka kueleza hapa sehemu moja tu ya elimu hiyo. Ndiyo inayowatoa jasho wanafunzi wengi, na kwa maoni yetu ndiyo imgusayo mkulima zaidi ya sehemu nyingine zote. Nayo ni kuchambua takwimu.

Neno lenyewe si geni kwetu. Kila aliyekaa barazani wakati wa mavuno anajua maana ya kuchambua karafuu: huku maua, huku makonyo, na mwenye haraka huyachanganya, kisha hukatwa bei. Takwimu nazo huchambuliwa hivyo hivyo. Mwanafunzi huenda kwa watu na karatasi ya maswali, au siku hizi na kishikwambi, huuliza, huandika majibu, huyapanga katika jedwali, kila mtu mstari wake na kila swali safu yake, kisha hutafuta jedwali lile linasema nini.

Ijulikane pia kwamba wengi wa vijana hawa waliikimbia hisabu. Skuli walichagua historia, jiografia na lugha, wakadhani wameagana nayo kwa heri. Kumbe inawangoja chuoni, imebadili nguo tu. Utamkuta kijana ameandika insha nzuri mno juu ya umasikini wa vijijini, lakini akipewa jedwali la kaya 400 huduwaa. Nasi twasema asiogope, kwa sababu hisabu yenyewe si nzito. Kujumlisha na kugawanya hufanywa na kompyuta kwa kufumba na kufumbua. Jambo zito ni lile ambalo kompyuta haliwezi, nalo ni kujua tarakimu ile imetoka wapi, nani aliulizwa, aliulizwa lini, na alifahamu nini alipoulizwa. Dodoma ni mahali pazuri sana pa kujifunza jambo hilo, na tutaeleza kwa nini.

KAYA NI NINI?

Nchi ya Dodoma ni uwanda wa juu, mkavu, wenye mibuyu na miiba. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 550 hadi 600 kwa wastani. Wenyeji ni Wagogo, wakulima wa uwele na mtama na wafugaji wa ng'ombe, ambao zamani walijenga nyumba za tembe zenye paa la udongo lililo bapa. Ni nchi iliyoonja njaa. Ile ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya, wazee waliisimulia kwa miaka mingi baadaye.

Sasa mwanafunzi wetu, mtoto wa Wete au wa Mkoani, anapelekwa kijijini huko kufanya mazoezi ya utafiti. Anafika, anaamkia "Mbukwenyi" kama alivyofundishwa na wenzake, anapewa kigoda, anafungua karatasi. Swali la kwanza: "Mzee, kaya yako ina watu wangapi?"

Katika hisabu za serikali kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, yaani wa chungu kimoja. Lakini "kaya" ni neno la Kigogo pia, na kwa Wagogo maana yake ni mji mzima wa mtu, ambao ndani yake mna nyumba kadhaa. Peter Rigby, mtaalamu aliyeishi kati ya Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1969, alieleza kwa urefu tofauti hii ya kaya na nyumba. Mwenye wake watatu ana kaya moja, lakini kila mke ana nyumba yake, na aghlabu shamba lake na chakula chake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee ana wake 3, watu wote 17, na ng'ombe 30. Mwanafunzi aliyeandika "kaya 1, watu 17, ng'ombe 30" ameandika kweli. Mwenzake aliyefuata vyungu ataandika kaya 3, za watu 6, 5 na 6, naye pia ameandika kweli. Lakini wa kwanza ataambiwa na kompyuta kwamba hapa pana kaya kubwa na tajiri, na wa pili kwamba pana kaya 3 za kadiri, na ng'ombe hawajui awagawe vipi, maana mwenyewe ni mzee. Sasa ukame ukija, na chakula cha msaada kikigawiwa kwa kaya, mji ule utapata fungu moja au mafungu matatu? Watoto wale wale, tumbo lile lile.

Sensa ya mwaka 2022 ilipata kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Tarakimu hiyo ina maana kwa sababu makarani wote walipewa maana moja ya kaya na kufundishwa kuuliza juu ya chungu. Mwanafunzi mwenye dodoso lake mwenyewe hana budi kufanya hivyo hivyo: aeleze neno lake, aulize nani alikula hapa jana, asiliachie neno moja libebe kazi yote. Kijana wa kwetu ana bahati katika hili, kwa kuwa yeye ni mgeni huko na mgeni huuliza. Aliyezaliwa palepale mara nyingine hudhani kila mtu anafahamu analolifahamu yeye.

GUNIA HALIPIMWI MDOMONI TU

Jambo la pili ni sampuli. Hili hatuna haja ya kulieleza sana kwa watu waliopeleka karafuu kituoni. Mpimaji mwaminifu hachukui konzi moja ya juu akatoa daraja. Hutia mkono katikati na chini, maana anajua ya kwamba mwenye hila huweka nzuri mdomoni.

Uwanda wa kati nao una mdomo wake, nao ni barabara ya lami. Mwanafunzi asiye na nauli ya kutosha hushuka kwenye basi, huwahoji walio karibu na kituo, akarudi jioni. Aliowahoji ni wenye maduka, wenye pikipiki, na wake zao. Walio mbali, ambao njia yao hukatika kwa mvua, hawamo. Kisha kichwa cha ripoti huandikwa jina la wilaya nzima! Dawa yake ni kupata orodha ya kaya zote kwa mwenyekiti wa kitongoji, kuchagua kwa kura, na kumfuata aliyetoka kwenye kura hata kama anakaa nyuma ya mlima. Hii ni kazi ya miguu, na ndipo wengi wanapoangukia.

Na wakati pia ni sampuli. Ukiwauliza watu wa Dodoma mwezi wa Juni, baada ya kuvuna, wanakula mara ngapi kwa siku, watakupa jibu moja. Waulize Januari au Februari, wakati ghala zimekaribia kwisha na mazao mapya bado yako shambani, watakupa jibu jingine. Sisi tunalijua hili vizuri kuliko wengi, maana mtu akija kutuuliza mapato yetu katika msimu mkubwa, akaondoka, akaandika kwamba wakulima wa karafuu ni matajiri, tungemcheka, kisha tungesikitika.

TARAKIMU 99 NA WASTANI

Majibu yakishaingizwa katika kompyuta huanza hatari za aina nyingine. Kuna desturi ya kumwandikia asiyejibu tarakimu 99, iwe alama tu. Tuseme wazee 10 wameulizwa idadi ya mbuzi. Tisa wamejibu 5 kila mmoja, wa kumi amekataa kusema, akaandikwa 99. Mwanafunzi akisahau kuiambia kompyuta kwamba 99 si mbuzi, itajumlisha 144, itagawa kwa 10, itatoa wastani wa mbuzi 14.4. Hakuna hata mzee mmoja mwenye mbuzi 14! Kompyuta haikukosea, imefanya ilivyoambiwa. Kwa hiyo walimu wazuri huwafundisha vijana wasikimbilie wastani kabla ya kutazama kila safu, ndogo yake ni ngapi na kubwa yake ni ngapi.

Na wastani wenyewe, hata ukiwa sahihi, una tabia zake. Wakulima 9 wana mikarafuu 20 kila mmoja na wa 10 ana 820. Jumla 1,000, wastani 100. Ukisema mkulima wa hapa ana mikarafuu 100 umesema juu ya mtu ambaye hayupo. Wapange watu hao kwa safu, mdogo mpaka mkubwa, umtazame wa katikati: ana 20. Hesabu hii ya mtu wa katikati hufundishwa mwanzo kabisa wa somo na husahauliwa upesi, na wafugaji wa Dodoma wameonewa nayo kama sisi, kwa kuwa ng'ombe nao hukusanyika kwa wachache.

Tutoe mfano mmoja wa tarakimu za kweli. Sensa ya 2012 ilihisabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma, na ile ya 2022 ikahisabu 3,085,625. Wameongezeka watu 1,002,037, yaani 48 kwa mia kwa miaka 10. Tanzania nzima iliongezeka 37 kwa mia katika miaka hiyo, na Zanzibar, kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773, iliongezeka 45 kwa mia. Sasa muulize kijana wako: Dodoma imekua kwa ngapi kila mwaka? Akigawa 48 kwa 10 akasema 4.8, mrudishe akae chini. Watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao huzaa na kuongezeka, kama fedha ya benki izaavyo juu ya zao lake. Ukianza na 100, ukaongeza 4 kwa mia kila mwaka, baada ya miaka 10 utakuta 148. Jibu ni karibu 4.

Lakini aliyefika hapo hajamaliza. Wameongezeka kwa sababu gani? Mji mkuu uliamuliwa kuhamia Dodoma tangu 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kishindo baada ya tangazo la 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Je, ni wahamiaji au ni wazaliwa? Idadi ya watu peke yake haisemi. Lazima utafute safu nyingine, ya mahali mtu alipozaliwa na mahali alipokuwa akikaa zamani, na uzipambanishe. Hapo ndipo uchambuzi unapoanza kuwa na ladha, na tumewaona vijana walioichukia hisabu tangu utoto wakikesha kwa ajili ya swali kama hili.

DATA ZA KUPIKA

Sasa tuseme jambo ambalo wazazi hawaambiwi. Karibu na vyuo vingi vya nchi hii, Bara na Visiwani, kuna watu ambao kwa malipo humfanyia mwanafunzi uchambuzi wake wote, na kumrudishia majedwali yaliyopangwa vizuri, yenye nyota na vistari. Wengine hawahitaji hata majibu ya watu, huyabuni. Wanafunzi wenyewe huita "kupika data". Kijana hulipa, hubandika majedwali katika ripoti, na akiulizwa na msimamizi jedwali la nne lina maana gani, husema litazame hapo, mwalimu.

Hatusemi haya ili kuwatukana vijana. Wengine hupika kwa sababu ya fedha: mkopo umechelewa, kijiji kiko mbali, na siku ya kuleta ripoti haibadiliki. Mzazi aliyepeleka fedha ya chakula na kodi lakini hakufikiria nauli ya utafiti naye ana sehemu yake katika hili. Lakini matokeo ni mabaya pande zote. Kijana anatoka na cheti, anaitwa kwenye usaili wa kazi, anawekewa kompyuta mbele yake na jedwali, na dakika 30. Hapo hakuna wa kumlipa. Na mtu wa kijiji ambaye hakuulizwa kamwe amekwisha kusemewa katika kitabu kwamba ana hiki na hana kile.

Tarakimu hizi si mchezo wa darasani. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017 na 2018 ulikuta kwamba 26.4 kwa mia ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umasikini. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Aliyetumia 49,000 aliitwa masikini na aliyetumia 50,000 hakuitwa, hali wanakaa jirani na wanaazimana chumvi. Mtu alikaa mahali akauchora mstari ule, kwa kufuata kanuni, na mwanafunzi anatakiwa aweze kuieleza kanuni, na aseme pia ingekuwaje lau mstari ungesogezwa kidogo.

Kanuni hizi za mstari zina historia inayopita mlangoni petu. Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyechora mstari wa namna hiyo kwa ajili ya watu wa mji wake katika miaka ya 1940, ndiye aliyeitwa kuchunguza hali za watu wa Unguja na Pemba mwaka 1948 na 1949. Majedwali yake ni mengi, na mojawapo ya mambo yaliyoulizwa ni nani ana mikarafuu mingapi. Katika ubishi wa siasa wa miaka iliyofuata, na katika vitabu vilivyoandikwa baada ya Mapinduzi ya 1964, tarakimu hizo zilirudiwa mara nyingi, aghlabu na watu wasioeleza watu walivyochaguliwa wala makabila yalivyoandikwa. Na makabila yale yalikuwa maji ya kupwa na kujaa: baina ya hisabu ya 1924 na ile ya 1931, walioandikwa kuwa Waswahili walipungua mno, na si kwamba walikufa au walihama, walijitaja kwa jina jingine. Kijana wa kwetu akiyasoma majedwali hayo baada ya kukaa na mzee wa Kigogo na neno lake la kaya, atayasoma kwa jicho jingine.

VYOMBO VYA KAZI

Wazazi huuliza kama ni lazima kununua kompyuta ya bei kubwa. Si lazima. Programu ambayo vyuo vingi hufundishia inaitwa SPSS, iliyotengenezwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya jamii khasa. Ni nyepesi kuitumia, lakini leseni yake ni ghali. Nyingine iitwayo R ilianzishwa na wahadhiri wawili wa Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, nayo ni bure kabisa, na huenda katika kompyuta kuukuu. Ubaya wake ni kwamba haina vitufe vya kubonyeza. Lazima uiandikie amri, na ukikosea nukta inakataa. Sisi twauona ubaya huo kuwa una faida, kwa kuwa amri zilizoandikwa hubaki, na msimamizi anaweza kuzisoma moja moja akajua kijana alifanya nini. Kwa kazi ndogo hata Excel inatosha.

Data za kujizoeza nazo zipo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapo hapo Dodoma, huwapa watafiti data za baadhi ya tafiti za kaya zikiwa zimeondolewa majina ya watu. Kwa Zanzibar iko Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuchukua utafiti uliokwisha kutangazwa, akajaribu kuzitoa mwenyewe tarakimu zilizochapishwa. Akizipata, ameweza. Asipozipata, ana kazi ya wiki nzima ya kutafuta kwa nini, na wiki hiyo itamfundisha mengi.

Na akija likizo wakati wa mavuno, asikae bure. Mpe daftari la shamba. Kama huna, aanze sasa: tarehe, jina la mchumaji, pishi alizochuma, malipo, mvua ilinyesha au haikunyesha, na karafuu zilizoanikwa siku ile zilitoa kilo ngapi zilipokauka. Mbichi na kavu ziandikwe katika safu mbali mbali, zisichanganywe. Siku isiyochumwa iandikwe "haikuchumwa", isiandikwe sufuri, kwa sababu sufuri ni mtu aliyepanda mkarafuu akashuka na pakacha tupu. Ayaingize katika kompyuta kila jioni akiwa bado anakumbuka. Msimu mmoja hautamwambia mengi, kwa kuwa mkarafuu una mwaka wake wa kuzaa na mwaka wake wa kupumzika. Ikipatikana misimu 5 ya shamba lile lile, hapo ataweza kukuambia kwa haki mti wako hutoa nini, na je, bei ya kuchuma uliyolipa mwaka huu ilikulia faida yako kiasi gani.

Daftari za namna hiyo za zamani, kama ziko kwa mwanachama yeyote, zisitupwe wala zisifungiwe bidhaa. Ziwekwe mahali pakavu mpaka kijana arudi.